Kabla ya kuchagua serikali au kampuni, soma barua kwanza

Ukiwa na miaka 25, una cheti kabatini na bado unaishi kwa wazazi hapa Mugutha, kuna swali utakalokutana nalo kila Jumapili baada ya ibada. Haliulizwi kwa ubaya. Shangazi anakusalimu, anakuuliza unaendeleaje, kisha analitoa: "Na serikali, bado haijakuita?"

Huenda wakati huo una kazi. Huenda unaamka saa kumi alfajiri ili upande matatu ya kwenda Thika au Nairobi, unalipwa mwisho wa mwezi na umeanza kumsaidia mdogo wako karo. Lakini kwa shangazi hiyo ni kazi ya kushikilia tu, ukisubiri kazi yenyewe.

Tunaomba leo tulitazame swali hilo upya, kwa sababu linawafanya vijana wengi wakatae kazi nzuri, na wengine wakubali kazi mbovu.

Kwanza tusiwacheke wazazi. Walichokiona kilikuwa kweli. Mwalimu, karani wa wizara au nesi wa hospitali ya serikali aliajiriwa akiwa kijana na kustaafu akiwa na mvi. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini ulifika. Kwa hati ya mshahara tu, Sacco ilimkopesha, akanunua ploti na kusomesha watoto. Akistaafu, pensheni ililipwa na Hazina ya Taifa bila yeye kuichangia. Jirani yake wa kiwandani alipoachishwa kazi, alirudi nyumbani na barua na asante. Ukikua ukiyaona hayo, utamwambia mwanao atafute kazi ya serikali.

Lakini kazi hiyo imebadilika, na wengi hatujakaa chini kuambiana ukweli.

Tangu Januari 2021, watumishi wa umma wanachangia pensheni yao wenyewe. Makato yalianza kwa asilimia 2 ya mshahara wa kimsingi mwaka wa kwanza, yakapanda hadi 5 na kisha 7.5. Serikali nayo inaongeza asilimia 15. Huo bado ni mpango mzuri, tena mzuri kuliko wa kampuni nyingi ambazo hutoa tu asilimia 6 inayotakiwa na sheria ya NSSF. Ila si ule wa babako. Na ili uupate, lazima kwanza uajiriwe kwa masharti ya kudumu.

Hapo ndipo mambo yamekuwa magumu. Kuanzia 2023, walimu wa JSS waliingia madarasani kama wanagenzi, kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walikuwa wamefuzu na kusajiliwa, na walibeba mzigo wa masomo kama mwalimu mwingine yeyote. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba kuwaajiri kwa njia hiyo kulikiuka haki yao. Mwezi uliofuata walikuwa barabarani wakiandamana. Ilibidi wangoje hadi Januari 2025 ndipo 46,000 kati yao wapewe ajira ya kudumu. Hiyo ni miaka miwili ya maisha ya kijana, akiwa ndani ya kazi ya serikali, lakini bila ule uhakika ambao mamake alikuwa akijivunia kanisani.

Hata walio na kazi ya kudumu hawajalala usingizi mnono. Mwaka 2025, madaktari wa kaunti yetu ya Kiambu waligoma kwa takriban miezi mitano. Na kila pesa za kaunti zinapochelewa kutoka Hazina, wafanyakazi wa kaunti mbalimbali nchini huchelewa kulipwa pia, huku mwenye nyumba akitaka kodi yake tarehe tano.

Je, basi tukimbilie kampuni? Polepole.

Ukanda huu wetu hauna uhaba wa makampuni. Thika kuna Bidco na Del Monte, Ruiru kuna Devki, na Tatu City imeleta viwanda, mabohari na ofisi karibu na nyumbani. Kampuni nzuri inaweza kukupandisha cheo ndani ya miaka miwili kwa sababu unajua kazi, bila kungoja aliye mbele yako astaafu. Utajifunza mashine, programu na namna ya kuongea na wateja, na ujuzi huo utauhama nao.

Lakini sekta ya kibinafsi ina maumivu yake. Nakumatt ilikuwa jina kubwa kuliko yote katika biashara ya supamaketi nchini. Kufikia mwanzoni mwa 2020, wadai wake walikuwa wamepiga kura ivunjwe, na maelfu ya waliokuwa wakivaa sare zake walikuwa wametawanyika zamani. Kisha kuna yule anayeitwa kibarua mwaka wa tatu sasa, anasaini daftari kila asubuhi, hana likizo, na akiugua hiyo ni juu yake. Sheria ya Ajira ya 2007 haikubali mchezo huo. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya kupewa notisi ya siku 28. Wengi hawajui, na wanaojua wanaogopa kusema.

Kwa hivyo jina lililoandikwa langoni haliwezi tena kukuambia kama kazi ni nzuri au mbaya. Kinachokuambia ni barua unayopewa.

Tuseme wewe ni mwalimu. Una barua mbili mezani. Moja ni ya unagenzi wa serikali, Sh20,000, shule iko mbali na utalazimika kukodisha chumba. Nyingine ni ya akademia ya kibinafsi mtaani, Sh18,000, na unaenda kwa miguu. Familia yote itakuambia uchague ya kwanza kabla hata hujaifungua bahasha.

Piga hesabu kwanza. Mshahara wa Sh20,000 ukikatwa NSSF ya asilimia 6, yaani Sh1,200, bima ya afya ya SHIF Sh550 na ada ya nyumba Sh300, unabaki na Sh17,950. Toa kodi ya chumba na nauli ya kuja nyumbani. Huenda ukajikuta unaishi kwa Fuliza. Ila hesabu haiishii hapo. Kama barua ya serikali inakuweka kwenye foleni ya ajira ya kudumu, huko mbele kuna ile asilimia 15 ya pensheni na ulinzi wa Katiba, ambayo katika Kifungu cha 236 inakataza mtumishi wa umma kufutwa bila utaratibu wa sheria. Unaweza kuamua kuumia mwaka mmoja kwa ajili ya hayo. Na unaweza kuamua kwamba akademia inayolipa kwa wakati na kukuacha jioni uendelee na masomo inakufaa zaidi. Yote mawili ni majibu ya mtu mzima. Jibu la kitoto ni kusaini kwa sababu ya nembo iliyo juu ya karatasi.

Sasa uulize nini? Kwanza, ajira hii ni ya aina gani: ya kudumu, ya kandarasi au ya unagenzi, na inaisha lini? Kama ina kipindi cha majaribio, sheria inasema kisizidi miezi sita, na kikiongezwa kwa ridhaa yako, jumla isipite mwaka mmoja. Pili, walio ndani walilipwa mwezi uliopita tarehe ngapi? Usimuulize meneja. Muulize mlinzi wa lango, au yule mnayekula naye chapati madondo saa saba. Tatu, je, pesa zinazokatwa zinafika zinakotakiwa? Ukishaanza kazi, angalia taarifa yako ya NSSF. Ukiona miezi mitatu mitupu, hiyo si ajali.

Nne, baada ya miaka miwili utakuwa umejua nini ambacho leo hujui? Kuna ofisi za serikali ambako kijana anafundishwa na kupelekwa kozi, na kuna nyingine ambako anagonga mihuri tu. Kampuni pia ziko hivyo hivyo. Tano, ni nani anayekutegemea? Mwenye mtoto mchanga na mzazi mgonjwa anahitaji bima na mshahara usioyumba kuliko yule asiye na mzigo. Hakuna aibu kuchagua usalama, wala kuchagua nafasi ya kukua. Aibu iko katika kuchagua ili majirani wanyamaze.

Kuna jambo moja ambalo tunalisema bila kuzunguka: usikae nyumbani ukingoja. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba mwaka 2024 nafasi mpya za kazi nchini zilikuwa 782,300, na kati ya hizo 703,700 zilikuwa katika sekta ya jua kali. Yaani tisa kati ya kila kumi hazikuwa za serikali wala za kampuni yenye hati za mshahara. Milango hii miwili tunayobishania ni myembamba. Ukipata kazi ya halali yenye barua, ishike, na uendelee kutuma maombi serikalini ukiwa na kitu mfukoni. Anayeomba kazi akiwa kazini huomba kwa ujasiri, na huwa vigumu kumtapeli.

Matapeli tunawajua. Ni yule anayesema ana mtu ndani, anataka Sh200,000 ili jina lako "lipite". Familia inauza ng'ombe au kipande cha shamba, simu inazimwa. Kazi za Tume ya Utumishi wa Umma, TSC na bodi za kaunti hutangazwa wazi na maombi hayalipiwi. Atakayekuitisha pesa ni mwizi, hata kama ana ofisi.

Lakini haitakuwa haki kumtwika kijana mzigo wote. Serikali haiwezi kuwahubiria waajiri kuhusu haki za wafanyakazi huku yenyewe ikitumia unagenzi kama njia ya kupata wataalamu kwa bei ya chini. Mwanagenzi ni mtu anayefunzwa. Anayeachiwa darasa au wadi peke yake ni mfanyakazi, na alipwe kama mfanyakazi. Kaunti zinabanwa na kanuni inayotaka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yao, na tunaielewa kanuni hiyo. Basi zipunguze wafanyakazi hewa na nafasi za kisiasa kabla ya kumnyima nesi barua ya kudumu. Waajiri wa kibinafsi nao waandike kandarasi, na maafisa wa leba wafike viwandani bila kuitwa kwa mgomo.

Na kwa wazazi wetu, ombi dogo. Mnatutakia mema, tunajua. Ila Jumapili ijayo, msituulize kama serikali imetuita. Tuulizeni barua inasema nini, mshahara unafika lini, na tunajifunza nini huko. Tukishindwa kujibu, hapo mtukaripie.