Usimpe mgeni kisahani cha bingwa

Huku Minnesota theluji imeyeyuka, nyasi zimeanza kuota, na kila jamaa hapa kampasi amevaa begi la visahani mgongoni anaelekea bustanini. Kwa hiyo leo sitaongelea mitihani wala chakula cha bwenini. Leo nataka tubishane kidogo. Hoja yangu ni hii: mtu mwenye nguvu ndogo ya kurusha asipewe, asiuziwe wala asiazimwe kisahani cha mabingwa. Anaharibiwa.

Kwa wale wa nyumbani mnaojiuliza visahani gani tena: siyo kile cha riadha, kizito. Hiki ni cha plastiki, ndugu yake Frisbee, na mchezo unaitwa gofu ya visahani. Unasimama kituoni, unarusha, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Aliyerusha mara chache zaidi ndiye mshindi. Bustani nyingi za umma hazitozi kiingilio, ndiyo maana sisi wanafunzi tusio na hela tunaupenda. Kikapu hicho alikibuni Ed Headrick, mzee aliyewahi kufanya kazi kampuni ya Wham-O, na mwaka 1976 ndiye aliyeanzisha chama cha wachezaji, PDGA. Mwanzoni watu walirusha Frisbee za kawaida. Halafu mwaka 1983 Dave Dunipace wa Innova akaleta Eagle, kisahani chenye ukingo uliochongwa ili ukate hewa. Tangu hapo viwanda vinashindana kutoa kisahani chenye kasi zaidi, na hapo ndipo matatizo yetu wenye mikono midogo yalipoanzia.

Visahani vimegawanyika: kuna vya kumalizia karibu na kikapu, vya masafa ya kati, na vya masafa marefu ambavyo huitwa draiva. Ukishika kimoja utaona namba nne juu yake. Ya kwanza ni kasi, ya pili ni jinsi kinavyoelea hewani, ya tatu ni jinsi kinavyopinda kikiwa bado kina mwendo, ya nne ni jinsi kinavyokata kona mwishoni kinapochoka. Mfano, Destroyer ya Innova ni 12, 5, -1, 3. Leopard ya kampuni hiyo hiyo ni 6, 5, -2, 1. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha kama mtu anayegawa karata, namba ya tatu ikiwa hasi kisahani kinapenda kwenda kulia kikiwa na mwendo, na namba ya nne ikiwa kubwa kinapenda kuangukia kushoto mwishoni. Wa mkono wa kushoto ageuze pande. Na anayerusha kwa ubavu, kama mtu anayerusha jiwe liruke ruke juu ya maji, naye ageuze.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kosa lote liko hapa. Watu wanasoma hiyo namba ya kwanza kama zawadi. Wanadhani kisahani cha kasi 12 kitawapa kasi 12. Hapana bwana! Hiyo namba ni deni. Kisahani kinakuambia: mimi nitaruka nilivyoandikwa kama wewe utanirusha kwa kasi ninayohitaji. Usipolipa, kinagoma. Kile kipindi cha kupinda kulia hakifiki kabisa, kwa sababu kinahitaji mwendo, kwa hiyo kinaruka moja kwa moja kwenye kipindi cha kuchoka. Kinatoka mkononi, kinaenda mita chache, kinakata kushoto, puu, majanini. Na ukingo wa Destroyer una upana wa takribani sentimita 2.2, kwa hiyo mwenye vidole vifupi hata kukikamata sawasawa ni shida.

Niliona haya kwa macho yangu nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nikisaidia klabu ya watoto baada ya masomo. Watu wenye moyo mzuri walileta sanduku la visahani vya msaada. Vizuri sana, ila karibu vyote vilikuwa draiva za watu wenye misuli, za kasi 11, 12, 13, na zenye uzito wa gramu 170 na kitu. Watoto wa miaka kumi na moja! Walirusha, vikaanguka kushoto. Wakarusha tena, kushoto. Walikuwepo wawili watatu wenye asili ya Kongo ambao tunaongea nao Kiswahili, na mmoja wao, binti mdogo, akaniangalia akasema, "Mwalimu, hii sahani inanikatala." Inamkataa. Wiki iliyofuata hakuja, na wenzake wawili hawakuja. Mimi naona binti yule alisema ukweli mtupu, kisahani kilikuwa kinamkataa kweli. Ila ninavyofahamu watoto, akishafika nyumbani hadithi hubadilika ikawa "mimi siwezi".

Hapo ndipo ninapokasirika, na ndipo masomo yangu ya ualimu yanapoingia. Darasani tunafundishwa kuwa mtihani ambao wote wanapata sifuri haumwambii mwalimu chochote. Aliyejitahidi sifuri, aliyelala sifuri. Draiva ya kasi 12 mikononi mwa mtu anayerusha mita 45 ni mtihani wa namna hiyo. Akirusha vizuri, mkono umenyooka na kisahani kimelala sawa, kinaanguka kushoto. Akirusha vibaya, kinaanguka kushoto. Sasa ataujuaje mrusho mzuri? Lakini mpe Leopard ya gramu 150 hivi. Akikirusha kimelala sawa, kinaenda mbele, kinaelea, kinapinda kidogo kulia halafu kinarudi taratibu. Akikiinamisha, anaona kimeinama. Akilazimisha nguvu, kinageuka kulia kinaanguka. Kila kosa lina sura yake, na kila jibu sahihi lina malipo yake. Hicho kisahani ni mwalimu. Kile kingine ni ukuta tu.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia yote. La kwanza ni lile la wazazi wetu: nunua kikubwa, atakikulia. Kama sare ya shule tuliyonunuliwa darasa la tatu tukaivaa mpaka la sita, mikono imekunjwa mara mbili. Sawa, lakini ndani ya sare kubwa bado unatembea, unaandika, unacheza kombolela. Sare haikufundishi kutembea vibaya. Kisahani kikubwa kinakufundisha kurusha vibaya. Kwa sababu kinaanguka kushoto, unaanza kukiinamisha kulia makusudi ili kisawazike. Unakaza bega, unavuta kwa mkono peke yake. Baada ya miezi sita una tabia ambayo itakuchukua mwaka kuiacha, na kiwiko kinauma.

La pili linatoka kwa wajuzi: anayeanza asiguse draiva kabisa, ajifunze na cha kumalizia na cha kati. Hili nalikubali nusu. Kisahani kama Buzzz ya Discraft, 5, 4, -1, 1, ni kizuri mno na kila mtu awe nacho. Lakini jamani, mchezo ni furaha pia. Mtoto anataka kuona kitu kinaruka mbali mpaka apige kelele. Mama wa makamo aliyekuja na wanawe Jumapili naye anataka. Ukiwanyima hiyo radha ya masafa unawapa mboga bila chumvi. Wape draiva moja, ila iwe ya kwao.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: "arushe kwa nguvu." Wanaambiwa hivyo hasa wasichana. Nguvu ya kurusha haitoki kwenye misuli ya mkono peke yake, inatoka kwenye miguu, nyonga na kujua muda wa kuachia. Hilo linajifunzwa kwa kurusha kwa ulaini mara mamia. Ukimwambia mtu atumie nguvu ambayo hajawa nayo, anakakamaa, na kasi inapungua badala ya kuongezeka. Mwaka 2016 David Wiggins Jr. alirusha kisahani mita 338 kwenye jangwa la Nevada, upepo ukimsukumia. Hongera zake. Ila mimi na wewe na yule binti hatupo jangwani, na begi la bingwa si orodha ya manunuzi yetu.

Basi tununue nini? Ushauri wangu ni wa mwanafunzi, si wa muuzaji. Kwanza, pima unarusha mita ngapi kweli, kwa kuhesabu hatua, siyo kwa kukisia. Chini ya mita 60, baki kwenye kasi 6 au 7. Ukifika 75 na kuendelea, jaribu 9. Za 12 na 13 ziache mpaka urushe mita 100 bila kutoa macho. Hicho ni kipimo changu cha mkono, si sheria.

Pili, tafuta kuelea 5 au 6, namba ya tatu iwe -2 au -3, ya nne iwe 1. Leopard nimeshaitaja. Ipo Diamond ya Latitude 64 ya Sweden, 8, 6, -3, 1, ambayo ilitengenezwa nyepesi kwa ajili ya watu kama sisi. Ukishaongezeka, Sidewinder ya Innova ni 9, 5, -3, 1. Kumbuka tu kwamba namba hizi kila kampuni inajiandikia yenyewe, kwa hiyo 9 ya huyu si lazima iwe 9 ya yule.

Tatu, angalia uzito, umeandikwa kwa nyuma. Sheria ya PDGA inaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, ndiyo maana draiva ya sentimita 21.1 inaishia gramu 175. Kuruhusiwa siyo kulazimishwa! Gramu 150 hadi 160 zinatosha kabisa, na kwa mtoto hata chini ya hapo. Chepesi kinatoka mkononi na kasi zaidi kwa nguvu ile ile. Ubaya wake ni upepo. Upepo wa mbele utakigeuza kulia mpaka ushangae, siku hiyo tumia kile cha kati.

Nne, usione haya kununua kilichotumika. Kisahani kikigonga miti mingi kinalainika tabia, kinapinda kulia kirahisi zaidi, na kwetu hiyo ni faida. Plastiki ya bei ya chini kama DX ya Innova inachakaa haraka kuliko Champion, kwa hiyo tunapata mara mbili: bei ndogo na kisahani kitiifu. Kwenye duka fulani la michezo mjini, mhudumu alitaka kuniuzia cha dola ishirini, kasi 13, eti ndicho kinachouzika zaidi. Nikamuuliza, kinachouzika kwa nani? Akacheka tu.

Na ninyi wenye misuli mnaogawa visahani vya zamani, Mungu awabariki, ila mkitoa msaada toeni vile vyepesi na vya kasi ndogo, siyo vile mlivyochoka navyo. Mtu anayeanza ana siku chache tu za uvumilivu. Katika siku hizo lazima aone angalau mara moja kitu kikiruka vile alivyokusudia. Akikiona, atarudi mwenyewe, na nguvu zitakuja. Asipokiona, ataamini kwamba mkono wake ndio mbovu, na hakuna atakayemwambia kwamba tatizo lilikuwa namba iliyoandikwa kwenye plastiki.

Mwenye hoja tofauti aje bustanini Jumamosi saa nne asubuhi na Destroyer yake. Mimi nitakuja na Leopard. Tutahesabu hatua.