Neno "Damu" na Mambo ya Burundi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za chama chetu niseme juu ya neno ambalo limezagaa maofisini mwetu hapa Mpanda, nalo hutamkwa na watu waliosoma, ambao ingewapasa kuona haya kulitamka. Kila zijapo habari za machafuko ya Burundi, mmoja hutikisa kichwa na kusema, "Wale ni damu. Wamechukiana tangu Adamu, wala hapana dawa." Wenziwe huitikia, kisha kila mtu hurudi kwenye majalada yake kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Mimi nasema ya kuwa huo ni uvivu wa akili uliovikwa joho la hekima, tena ni uvivu wenye madhara. Na kwa mtumishi wa Katavi madhara hayo yako mlangoni pake.

Katika mkoa wetu yako makazi ya Katumba, yaliyofunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo, yaliyofunguliwa mwaka 1978. Hayo, pamoja na Ulyankulu ya Tabora, ndiyo yaliyowapokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walifyeka msitu, wakalima mahindi na muhogo na tumbaku, wakazaa watoto ambao hawakuiona Burundi hata siku moja. Walipohesabiwa mwaka 2007 walikuwa wapata 218,000 katika makazi yote matatu, na walipoulizwa, wanne katika kila watano walitaka kubaki wawe raia wa nchi hii. Mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa uraia wa tajnisi. Basi mtu akisema "damu" mbele ya dirisha la ofisi, yawezekana kabisa kwamba raia aliyesimama upande wa pili amelisikia neno hilo, na amejua kuwa ndiye anayehukumiwa.

Sasa na tuupime msemo huo kwa historia. Katika ufalme wa zamani wa Burundi Wahutu na Watutsi walisema lugha moja, Kirundi. Walikaa vilima vimoja. Walimtaja Mungu kwa jina moja, Imana. Juu yao alikuwako Mwami na jamaa za kifalme walioitwa Waganwa, ambao hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Vita vikubwa vya karne ya 19 vilikuwa vya Waganwa kwa Waganwa, ukoo wa Wabezi na ukoo wa Watare wakigombea nchi, na kila upande ulikuwa na Wahutu na Watutsi katika askari wake. Sisemi kwamba palikuwa peponi. Palikuwa na wakubwa na wadogo, wenye ng'ombe na wasio nao, na mnyonge alimtumikia mwenye nguvu kama ilivyokuwa katika falme nyingi. Lakini unyonge ni jambo moja, na vita vya kabila kuliangamiza kabila ni jambo jingine. Mwenye kudai kwamba hilo la pili ni la tangu Adamu, na atuonyeshe vita hivyo kabla ya karne ya 20.

Chuki hiyo ilipata wapi nguvu? Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ya kwanza ilikuwa wazo, nalo lilitoka vitabuni. John Hanning Speke, aliyesafiri katika nchi hizi, alichapisha kitabu mwaka 1863, na ndani yake alidhani kwamba watawala wa falme za maziwa walikuwa watu wa asili nyingine, waliotoka upande wa Uhabeshi, bora kuliko wale waliowatawala. Hakuwa na ushahidi wa kutosha. Alikuwa na dhana tu. Hata hivyo dhana ile ilipokewa na Wadachi, kisha na Wabelgiji walioitwaa Ruanda-Urundi mwaka 1916, na wengi katika wamisheni waliifundisha shuleni. Nyenzo ya pili ilikuwa kalamu ya ofisi. Serikali ya Kibelgiji ilipopanga upya machifu wa Urundi iliifuata dhana ile: mwaka 1929 walikuwako bado machifu Wahutu, ilipofika mwaka 1945 hakubaki hata mmoja. Yaliyokuwa daraja za watu, ambazo mtu aliweza pengine kupanda au kushuka, yakageuka kuwa ukuta. Waliojenga ukuta huo walikuwa wakubwa wa ofisi, na waliouandika daftarini walikuwa makarani kama sisi.

Hata mpaka wenyewe tuuite kwa jina lake. Kabla ya mwaka 1916 Urundi na nchi hii ya Mpanda zilikuwa chini ya Serikali moja ya Wadachi. Baada ya vita, mwaka 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji waliigawana nchi mezani. Na Kigoma, jirani yetu, ilikaa mikononi mwa Wabelgiji mpaka mwaka 1921. Laiti kalamu ile ingeteleza kidogo, wengi wanaowaita wenzao "wageni" leo wangalizaliwa wao wenyewe upande wa wageni.

Wako watakaojibu, "Lakini wameuana kwelikweli." Ni kweli, wala sifichi. Ila tutazame nani aliyeanza kuuawa, na kwa sababu gani. Mwezi wa Septemba 1961 chama cha UPRONA cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kilipata viti 58 katika 64, nacho kilikusanya Wahutu na Watutsi pamoja. Kama chuki ingekuwa ya damu, ushindi huo usingewezekana. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore alipigwa risasi mjini Usumbura, ambao sasa ni Bujumbura. Mpiga risasi alikuwa Mgiriki, na waliopatikana na hatia ya kumtuma walikuwa watu wa chama alichokishinda, wakiongozwa na Waganwa wenziwe. Hapo Mhutu na Mtutsi waliingia wapi? Ilikuwa tamaa ya madaraka. Na baada ya kumwondoa mtu aliyeweza kuwaunganisha watu, wanasiasa wakaona kwamba njia fupi ya kupata wafuasi ni kuwaambia kwamba jirani yao ni adui.

Matunda yake yalionekana mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili waasi Wahutu waliwaua Watutsi katika upande wa kusini wa nchi. Serikali ya Micombero haikutosheka na kuwatafuta wenye hatia. Iliwageukia Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, askari, wauguzi, makarani. Wengi walichukuliwa kutoka madarasani na maofisini mwao, kwa majina yaliyoandikwa katika orodha. Waliokufa wakadiriwa kuwa zaidi ya 100,000, na wako wataalamu wasemao zaidi ya 200,000. Ndugu watumishi, tulitafakari jambo hili kwa kuwa ni letu: waliouawa walikuwa watu wa kazi yetu, na orodha za kuwaulia ziliandikwa vilevile na watu wa kazi yetu. Damu haiandiki orodha.

Wala upande mmoja usijidai kuwa safi. Tarehe 21 Oktoba 1993 askari walimwua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kushika cheo hicho. Na baada ya kifo chake Watutsi wengi wasio na kosa waliuawa vijijini, kisha jeshi likawaua Wahutu kwa kulipiza. Hapa naona yafaa kumtaja msomi Liisa Malkki, aliyefanya uchunguzi wake katika miaka ya 1985 na 1986 hukuhuku kwetu Mishamo, na pia katika mji wa Kigoma, akachapisha kitabu chake mwaka 1995. Aligundua kwamba watu wa Mishamo, waliokaa peke yao msituni chini ya sheria za makazi, walikuwa wamejitungia historia yenye wema mtupu upande mmoja na uovu mtupu upande wa pili. Lakini wenzao wa Kigoma, waliochanganyika na watu sokoni na kuoleana nao, hawakuishika sana historia hiyo, nao walijiita kwa majina mengi. Watu ni walewale, balaa iliyowakimbiza ni ileile. Kilichotofautiana ni jinsi walivyokaa na kupokelewa. Hoja hii pekee yatosha kuuvunja msemo wa damu.

Na mashaka ya mwaka 2015 je? Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, ukiwa umeanzwa na Mwalimu Nyerere na, baada ya kufa kwake mwaka 1999, kumalizwa na Mandela. Mkataba huo uligawanya madaraka na kuweka kikomo cha vipindi vya Rais. Mwezi wa Aprili 2015 Pierre Nkurunziza alipotaka kipindi cha tatu, Wahutu na Watutsi waliandamana pamoja kumpinga, na wako waliomtetea. Ugomvi ulikuwa juu ya sheria na kiti. Zaidi ya watu 400,000 waliikimbia nchi, wengi wao wakaja Tanzania. Yule asemaye "damu" hawezi kuyaona hayo. Atauliza mkimbizi ni wa kabila gani, wala hatauliza sheria ilivunjwa na nani. Ndivyo ujinga unavyomfichia mkosaji kosa lake.

Sasa tufanye nini? Kwanza, tukumbuke ya kuwa hawa raia wenzetu walikwisha kuonja taabu ya karatasi. Walikubaliwa mwaka 2010 baada ya kuukana uraia wa Burundi, wakaambiwa wahame Katumba na Mishamo waende mikoa mingine. Mpango ule ukasimama, baadaye ukaachwa, na hati zao zikaanza kutolewa mwezi wa Oktoba 2014. Kwa miaka 4 mtu hakuwa mkimbizi wala hakuwa na hati ya uraia mkononi. Kwa hiyo, aliye na hati asiitwe mkimbizi na mtumishi yeyote, mdomoni wala kwa maandishi. Na karani asiongeze kando ya jina neno lolote ambalo sheria haikumwagiza kuliandika. Pili, tusijivune kwamba sisi tuna kinga. Yeyote asikiaye ugomvi wa wakulima na wafugaji katika mabonde yetu amesikia pia neno "hawa wa kuja" likitamkwa kwa uchungu. Neno hilo ni mtoto mchanga wa neno "damu", na watoto hukua. Tatu, tusome. Mtu asiyejua jinsi ukuta ulivyojengwa hudhani kuwa ni mlima, naye hakai akafikiri kwamba waweza kubomolewa.

Nitaambiwa kwamba karani ni mdogo, na kwamba mambo haya ni ya wakubwa. Wakubwa hutoa amri, lakini daftari liko mbele yetu, na kalamu tunaishika sisi.

Wasalaam,
Karani wa Mpanda