Baba Kahamia Dubai, Matunzo ya Mtoto Je?



Vijana wetu wengi wa Kampala wanaondoka kutafuta riziki Dubai, Doha, Nairobi, hata Marekani. Wapo wanaoacha nyuma talaka, mtoto, na karatasi ya mahakama inayosema baba atoe kiasi fulani kila mwezi. Wakifika huko mambo hubadilika: mshahara umepanda, au kodi ya chumba inaumeza wote. Basi baba anaamua peke yake kwamba kuanzia sasa atatuma nusu, na anamwarifu mama kwa WhatsApp. Sisi tunasema hapana.

Aya ya 7 ya Suratut-Talaq imempimia baba kwa uwezo wake, na uwezo hupanda na kushuka. Kwa hiyo hatumlaumu aliyepungukiwa akiomba apunguziwe. Lakini aombe! Kwa Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2016, amri ya matunzo hutolewa na Mahakama ya Familia na Watoto, na huko huko ndiko pa kuomba ibadilishwe. Mama naye ana haki hiyo hiyo: ikiwa baba sasa analipwa mara tatu ya alichopata Kampala, kwa nini mtoto abaki na kiwango cha zamani, na karo inapanda kila muhula?

Ugumu unaanzia mpakani. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, tangu 2010, limemrahisishia mfanyakazi kuvuka Busia, lakini amri ya Kampala haipandi basi pamoja naye. Lazima ifikishwe mbele ya mahakama ya kule aliko. Uganda ina sheria ya zama za Waingereza ya kutekeleza amri za matunzo kati ya nchi na nchi, ila ilitungwa kwa ajili ya Uingereza na Ireland, na nafasi ya kuongeza nchi nyingine zilizokuwa chini ya Mwingereza. Ghuba haikuwamo katika hesabu hiyo, na huko ndiko wanakokwenda watoto wetu leo.

Marekani wamelifikiria jambo hili mapema, maana kwao kuhama jimbo ni kawaida. Jimbo lililotoa amri hubaki na mamlaka ya kuibadilisha maadamu mtoto au mzazi mmoja bado anaishi humo. Wote wakiondoka, anayetaka mabadiliko kwa kawaida huisajili amri katika jimbo analoishi mwenzake. Na tangu 1986 sheria yao inakataza kufuta deni la miezi iliyokwisha pita. Baba aliyepoteza kazi akakaa kimya mwaka mzima atadaiwa mwaka mzima. Ndugu zetu walioko Boston walijue hili.

Kwetu hapa, tunaona dawa ya karibu ni kuliandika jambo kabla ya safari. Masheikh wanaosuluhisha talaka waweke katika makubaliano kifungu cha kuhama: anwani mpya itatolewa lini, pesa itapita njia gani, na nani aliyebaki Kampala atasimama badala ya baba. Kisha makubaliano hayo yapelekwe mahakamani yawe amri. Mama asisubiri ndege iruke. Akisikia viza imetoka, aende wiki hiyo hiyo, akiwa na nakala ya amri na ujumbe wote wa simu unaoonyesha pesa zilizotumwa na zisizotumwa.