FUTARI KWENYE KAMERA, NDOO YA MAHARAGE IMETANULIWA: MNAMDANGANYA NANI?

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nimekuja na jambo linalonikera, na najua kuna watu watanuna. Wanune tu.

Kila Ramadhani tunayaona yale yale. Msanii wa Bongo Fleva ambaye juzi tu alikuwa jukwaani kifua wazi, sasa hivi yuko na kanzu nyeupe na tasbihi mkononi. Dada wa Bongo Muvi kajifunga ushungi, chini ya picha kaweka maneno ya kheri. Watu wanamshambulia, eti mnafiki, eti dini ya mwezi mmoja. Mi hapo simo. Mtu akijisitiri hata siku 30 tu, hiyo ni yake na Mola wake, na huenda ndo mlango wake wa kurudi. Mwacheni.

Ugomvi wangu unaanza pale kamera inapogeuzwa kwa maskini. Watoto yatima wanapangwa mstari, kila mmoja anashikishwa mfuko wa unga, anaambiwa atabasamu na kumshukuru kaka fulani kwa jina. Mwanga ukiwa mbaya wanarudia. Yaani mtoto anapewa sadaka moja, anashukuru mara tatu!

Na hili gonjwa limeshapanda milima hadi huku kwetu. Kasulu na Kibondo siku hizi kila mwenye duka na simu kali ni staa. Bosi anagawa futari, picha zinarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kuna mama namfahamu alipokea kilo mbili za sukari. Kabla hajafika nyumbani, picha yake ilishafika kwa mashemeji zake Dar. Mwanae wa darasa la sita wenzake wakawa wanamwita Sukari ya Bure. Kilo mbili, jamani. Sukari iliisha ndani ya wiki, picha ipo mpaka leo.

Najua mtakaotetea mtasema kuonyesha sadaka kunahamasisha wengine. Sawa. Qurani yenyewe, Al-Baqara aya ya 271, haikatazi sadaka ya wazi, ila inaona bora zaidi ile ya siri kwa mafukara. Na aya ya 264 kwenye sura hiyo hiyo inaonya kwamba masimango na maudhi yanaiharibu sadaka. Kwa hiyo kama nia ni kuhamasisha, piga picha magunia, piga picha lori, piga picha sufuria la uji likifuka moshi. Uso wa yule mama unamhamasisha nani?

Ila hayo bado madogo. Tuje kwenye ndoo.

Mliokulia kwenye familia za wakulima mnaijua hii. Huku vijijini maharage mengi yanauzwa kwa ndoo ya lita 20. Mnunuzi anakuja na ndoo yake mwenyewe, na nyingine zimepashwa moto zikatanuliwa tumbo. Halafu hataki ijae usawa wa mdomo, anataka kichuguu juu. Anatikisa, anakandamiza, anaongeza. Bibi wa watu aliyeinama na jembe tangu mvua za kwanza anasimama pembeni anaangalia tu, maana mwanae anadaiwa sare na mnunuzi mwingine hajaonekana wiki nzima.

Maharage hayo hayo yakifika sokoni, kipimo kinabadilika. Sasa ni sado, na kitako cha sado kimebonyezwa kwenda ndani. Ndoo inanenepa kwa mkulima, sado inakonda kwa mlaji. Lumbesa ndo usiseme. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanalisema hilo kila mwaka, na magunia yenye vilemba bado yanapanda malori mchana kweupe.

Sasa mtu huyu aliyempunja bibi mchana, jioni anamletea sado moja ya maharage kama futari. Mbele ya kamera. Na bibi anaombwa amuombee dua! Ndugu yangu, hiyo sio sadaka, hiyo ni chenji.

Tena watu wa aina hii Qurani imewapa sura yenye jina lao kabisa, sura ya 83, Al-Mutaffifin, yaani wapunjaji wa vipimo. Inawashika pande zote mbili: wakipokea wanataka kijae, wakitoa wanapunguza. Utadhani iliteremshwa pale sokoni kwetu.

Na aya ndefu kuliko zote kwenye Qurani, Al-Baqara 282, inahusu nini? Deni. Liandikwe, pawe na mashahidi. Halafu kuna kijana maarufu mtandaoni hapa mjini, kanzu yake ya Idi ilipata pongezi kibao, na fundi cherehani aliyeishona anazungushwa mwezi wa tatu huu. "Nitakurushia jioni." Jioni ya mwaka gani?

Watu wa Ujiji wanaweza wasinielewe kwa nini nalikazania hili, wao Waislamu wamejaa mtaa mzima. Huku juu sisi ni wachache. Jirani yako ni Mkatoliki, wa pili Mwanglikana, wa tatu Mpentekoste. Tafsiri ya Qurani hawajaisoma, wanakusoma wewe. Na kumbuka dini hii ilifika Kigoma karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa misafara waliokuja mpaka Ujiji. (Wapo kati yao waliouza binadamu, hilo nalo tusilifiche.) Toka mwanzo Muislamu huku alipimwa kwa biashara yake. Leo mkulima wa Kibondo akisema "wale wa misikitini wana ndoo kubwa", utamjibu kwa video ya futari?

Bosi unayesoma hapa kimya kimya bila kukomenti, ombi langu ni dogo. Kesho beba ile ndoo uipeleke kwenye mizani, palepale sokoni, watu wakiona. Hiyo piga video, nitaiposti mimi mwenyewe bure.

Komenti ziko wazi. Visa vya ndoo, sado na madeni ya mafundi leteni, ila majina ya watu msiweke, nitafuta.