Kamba ya Msafiri

Kila likizo inapokaribia vijana wa shule hupenda kuuliza: je, yafaa mtu kusafiri peke yake? Wazazi hujibu upesi kwamba haifai. Vijana nao husema kwamba nauli iliyopatikana ni ya mtu mmoja tu, na shule haitamngoja mwenzi wa njia. Pande zote mbili zina haki. Basi leo tuitazame njia yenyewe, ile ipandayo toka Goma mpaka Masisi, kisha ikashuka msituni kuelekea Walikale.

Huko Peru na Bolivia, katika Amerika ya Kusini, msafiri wa peke yake hununua tiketi yake, akaketi katika basi, akaenda mji hata mji. Kwetu mambo ni mengine. Toka Goma hadi Sake ni kilomita kama 25, na mahali hapo ndipo njia zinapogawanyika na mlima unapoanza. Aendaye Masisi hupanda lori, akakaa juu ya magunia, ama hupanda pikipiki nyuma ya dereva asiyemjua. Hupita Mushaki, penye malisho ya ng'ombe na jibini iliyolitangaza jina la Masisi, akipishana na chukudu za mbao zilizosheheni mbatata na maharagwe. Masisi iko kama kilomita 80 kutoka Goma, lakini majira ya mvua kilomita hizo zaweza kummalizia mtu siku nzima.

Mbele yake ni Nyabiondo, na baadaye msitu. Wilaya ya Walikale ina kilomita za mraba zaidi ya 23,000, ni kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Walakini njia zake za magari ni chache mno. Mwanzoni mwa karne hii watu wa Kilambo waliona ajabu: ndege zilitua juu ya barabara ya lami, zikija kuchukua madini ya bati ya Bisie. Mawe yaliruka hewani, na wenye nchi walitembea kwa miguu.

Tusemeje basi? Jibu limo katika masimulizi ya msitu huo huo. Mwaka 1956 msimulizi Mnyanga, Candi Rureke, aliisimulia hadithi ya Mwindo muda wa siku 12. Nayo ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1969. Mwindo ni mtoto wa ajabu, aliyezaliwa akijua kutembea na kunena, akachukiwa na Shemwindo baba yake. Baba alipokimbilia chini ya ardhi, Mwindo alikata shauri kumfuata peke yake. Lakini kabla ya kushuka alimpa shangazi yake Iyangura ncha ya kamba aishike. Kamba ikitikisika, shangazi atajua kwamba mtoto yu hai. Ikitulia, atajua kwamba amekufa.

Tazameni vema. Shujaa huyo hakukosa nguvu, na mgwisho wake ulikuwa na uwezo mwingi. Hata hivyo hakuona haya kuwa na mtu wa kumngojea. Aliondoka peke yake, lakini hakuondoka bila kamba.

Hilo ndilo jibu letu kwa vijana. Siku hizi kamba ya wengi ni simu. Lakini msituni simu hunyamaza, na asiyekuwa na kamba nyingine amepotea machoni pa watu wake. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, waambie wa nyumbani siku ya safari, njia utakayopita, nyumba utakayofikia, na siku watakayopaswa kuanza kukuulizia. Katika kila mji msalimu mtu mmoja atakayekukumbuka: mwenye duka, mama muuza chakula, au mkubwa wa kijiji. Kuuliza si ujinga. Usisafiri jioni kwa kuogopa kuchelewa. Afadhali kulala Sake kuliko kulala kichakani. Na binti asione aibu kuomba hifadhi kwa mama mwenye watoto.

Lakini kamba ina ncha mbili, tena hupita mikononi mwa wengi. Tangu miaka ya 1990 vita vimerudi mara kwa mara katika njia hii. Tarehe 4 Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi. Tarehe 19 Machi waliingia Walikale, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Katika kukimbia, mtoto hutengana na mamaye, na mzee hubaki nyuma ya jamaa zake. Hao husafiri peke yao bila kupenda.

Tena vita vimetufundisha jambo baya: kumpima mgeni kwa lugha yake na kwa sura ya uso wake, kabla hajaomba hata maji. Kumwuliza mgeni atokako si kosa. Kosa ni kumhukumu kabla hajajibu. Daraja likivunjika, mafundi watalijenga tena. Lakini pale ambapo kila nyumba humfungia mgeni mlango, njia imekufa, hata ikiwa malori yapita. Wazee wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni wa kabila gani.

Basi, wewe uendaye, funga kamba kabla ya kufunga mzigo. Wewe ubakiye nyumbani, usiiachilie. Nawe mwenye nyumba ya njiani, ujue kwamba kamba ya mtoto wa mwenzako inapita mlangoni pako. Usiikate.