Rangi ya Kale Isikwanguliwe

BARAZA YA IJUMAA
Na Mselem bin Khamis

Katika nchi za baridi, na hasa kaskazini-mashariki ya Marekani, wako watu wenye shauku ya kukusanya sleji za kale, yaani vile vigari visivyo magurudumu ambavyo watoto huvipanda wakateleza juu ya theluji, nao huzitundika ukumbini pale ambapo mwingine angetundika picha ya marehemu babu yake. Siwacheki, kwani zilizo bora miongoni mwake ni sanaa hasa.

Mwaka 1861, katika jimbo la Maine, Henry Morton alianza kuunda sleji nyumbani, na mkewe akizitia nakshi kwa mkono, hata kazi ile ikakua ikawa kiwanda mashuhuri. Zama hizo sleji ya mvulana ilikuwa ya chini, naye akiilalia kifudifudi, kichwa mbele. Ya msichana iliinuliwa, ili aketi kwa adabu. Na juu ya ubao walichorwa farasi, maua na ndege. Kisha mwaka 1889 Samuel Allen wa Philadelphia, mtengenezaji wa zana za kilimo aliyetaka mafundi wake wasikose shughuli msimu ambao zana hazinunuliwi, akapata hataza ya Flexible Flyer, ambayo miguu yake ya feleji hupindika, mpandaji akaiongoza pasipo kuburura unyayo.

Ajabu yangu ni kwa wanunuzi ambao, sleji ikiwafikia mikononi, hukimbilia msasa na vanishi, wakaing'arisha kama mlango wa Unguja uliokwanguliwa kwa ajili ya hoteli. Rangi iliyochujuka na ubao uliolika kwa vifua vya watoto ndiyo thamani yenyewe, na hata sokoni iliyokwanguliwa hushuka bei. Mwaka 1982 Steven Spielberg alitoa dola 60,500 kwa sleji ya filamu ya Citizen Kane, ya mti mwepesi wa balsa, iliyoundwa makusudi ili ichomwe mbele ya kamera. Mali ni yake. Lakini mimi ningechagua ile isiyo na jina, iliyokwaruzwa na mawe ya mlimani.

Basi, wasomaji wetu mlio Marekani na Kanada, mkiikuta sleji ya kale mnadani, ifuteni vumbi kwa kitambaa kikavu, itundikeni mbali na jua na joto la jiko, na msasa muuache dukani.