Hesabu ya Maboksi

Miongoni mwa wanaojitolea katika mashirika ya hisani yanayogawa vitabu kwa watoto, hakuna imani iliyoota mizizi kuliko ile isemayo kwamba kitabu chochote ni bora kuliko kukosa kitabu. Imani hiyo imejengewa ua wa methali, kwani anayeihoji huambiwa papo hapo kuwa asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hashukuru, na mjadala ukafungwa kabla haujafunguliwa. Ikipimwa kwa hali ya mkoa wa Singida, hata hivyo, imani hiyo haisimami.

Mtoto anayeanza darasa la kwanza katika vijiji vya Iramba, Ikungi, Mkalama au Manyoni mara nyingi hutoka katika nyumba inayozungumza Kinyiramba, Kinyaturu, Kiisanzu au Kigogo, na katika upande wa Mkalama unaoelekea bonde la Eyasi wapo watoto ambao lugha yao ya kwanza ni Kihadza. Shule ya msingi ya serikali humfundisha kwa Kiswahili, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya pili, ilhali Kiingereza hukutana nacho kama somo mojawapo tu katika ratiba. Tangu mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo umejengwa juu ya KKK, yaani stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, na stadi ya kwanza kati ya hizo hudai vitabu vilivyopangwa kwa ngazi, maana yake vitabu ambavyo urefu wa sentensi na ugumu wa maneno yake hupanda kidogo kidogo kadiri msomaji anavyokomaa. Boksi la hadithi za Kiingereza lililojazwa Uingereza au Marekani halina mpangilio huo, na lugha iliyomo ni ya tatu kwa mtoto anayefunguliwa boksi hilo. Si kwamba mtoto wa Ilongero, huko huko Singida, hastahili kusoma habari za theluji, ambayo hata Kilimanjaro inayo. Kinachomshinda ni sentensi yenyewe, si theluji.

Ushahidi wa jambo hili haukuanza leo. Katika miaka ya 1990, wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichunguza shule za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya, ambako baadhi ya shule zilipewa vitabu vya kiada, yaani vitabu rasmi vya kufundishia masomo, na nyingine hazikupewa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba vitabu hivyo havikuinua wastani wa alama za wanafunzi, bali viliwafaa waliokuwa tayari wakiongoza darasani, na sababu mojawapo waliyoitaja watafiti ni kwamba vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Ikiwa kitabu rasmi, kilichofuata mtaala, kilimwacha nyuma mtoto wa kawaida, basi ni vigumu kuona hadithi zilizookotwa rafuni mwa wageni zitamfikisha wapi.

Wapo watakaojibu kwamba kitabu kisichosomeka leo hakimdhuru mtu. Jibu hilo linasahau kwamba kitabu hukalia nafasi. Kikishapokelewa huandikwa katika leja ya mali za shule, na kikipotea mwalimu mkuu hutakiwa kutoa maelezo, kwa hiyo njia iliyo salama kwake ni kukifungia kabatini ofisini, karibu na picha ya makabidhiano ambayo mgeni rasmi anaonekana akitabasamu. Kabati likijaa, shule huhesabiwa kuwa imekwisha kusaidiwa, na msaada unaofuata huelekezwa kwingine.

Tena liko soko. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulishika njia tofauti: mchapishaji wa nchini alichapa hadithi ya Kiswahili huku akiwa na uhakika kwamba mradi ungenunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, naye alibaki na nyingine za kuuza. Kwa mpango huo, fedha ya hisani humlipa mwandishi, mchoraji na mtambo wa uchapaji wa hapa hapa, na mtoto hupata kitabu anachokielewa. Kontena la vitabu vya bure kutoka ng'ambo haliwezi kufanya hivyo. Humkuta mchapishaji akihangaika na bei na kumfundisha mnunuzi kwamba kitabu ni kitu cha kungojewa bandarini.

Ni haki kukiri kwamba sekondari ina hukumu yake, kwa kuwa huko Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, na kitabu cha fizikia kilichotumika Uingereza kinaweza kumfaa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Lakini hata shirika la READ International, lililoanzia miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza, liliwapa wanaojitolea kazi ya kuchambua vitabu kwa kuvilinganisha na mtaala wa Tanzania. Uchambuzi huo wenyewe ni ungamo kwamba si kila kitabu kinafaa.

Kujitolea kwenye thamani, basi, huanza pale ubebaji wa maboksi unapokoma. Kijana wa Singida mjini anayejua Kinyaturu na Kiswahili, akikaa kila Jumamosi na watoto ishirini, akawasomea kwa sauti hadithi moja hadi waisome wenyewe, kisha akasimamia daftari la kuazima ili kitabu kilale nyumbani kwa mtoto bila mwalimu kuhofia leja, anafanya kazi ambayo kontena zima haliwezi kuifanya. Kazi hiyo haina mgeni rasmi, na katika taarifa za mashirika mengi, ambazo huhesabu nakala zilizogawiwa, haina hata safu ya kuiandika.